Kijiko na Kikombe cha Bati

Umewahi kumsikia mtu akizungumza kwa kijiko? Pigo moja kwenye kikombe cha bati: maji. Mapigo mawili: nigeuze. Matatu: beseni, na usikawie.

Asubuhi hiyo yalilia mawili. Chiriku alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la mkaa, mashavu yamemvimba kwa kupuliza, na moto ulikuwa ndio kwanza unataka kushika. Akauacha. Alifuta mikono kwenye gauni, akaenda kitandani, akapitisha mkono wa kushoto nyuma ya shingo ya mama yake na wa kulia chini ya nyonga.

"Haya mama, jikaze kidogo," alisema, akavuta.

Mwili wa mtu mzima ni mzito. Ukifa nusu, unakuwa mzito zaidi, maana ile nusu iliyo hai inataka kusaidia na haijui ianzie wapi. Mama aligeuka kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu, kidogo, kisha kidogo tena, mpaka uso ukaelekea ukutani. Chiriku akainua khanga na kukagua mgongo. Juu ya mfupa wa kiuno palikuwa na doa, mviringo kama kifuniko cha chupa. Jana lilikuwa jekundu tu. Leo katikati palikuwa panang'aa, na ngozi ilionekana nyembamba kama utando wa juu ya maziwa.

Akapaka mafuta kwa ncha ya kidole, akapanga kata zake. Mama alikuwa fundi cherehani kabla ya kiharusi, na vipande vya vitambaa vilivyobaki vilijaa gunia chini ya meza. Chiriku alivisokota vikawa kata, kama zile za kuwekea ndoo kichwani, akaweka ndogo chini ya kila kisigino na kubwa chini ya kiuno, ngozi isilalie godoro. Hakufundishwa na mtu. Aliona ndoo haiumizi utosi penye kata, akasema moyoni kisigino nacho kina utosi wake.

Jiko lilikuwa limezima. Akaanza upya.

Jina hilo la Chiriku alipewa na mama mwenyewe, zamani, kwa sababu hakuwa na breki ya mdomo. Alikuwa akikaa chini ya meza ya cherehani akisimulia habari za shule kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, nani kachapwa, nani kaficha kiatu cha nani, na mama akikanyaga pedeli alikuwa akiitikia, "Ehee. Ikawaje?" Sasa cherehani imefunikwa shuka, na mtoto anasema maneno yanayohitajika tu, kama mtu anayepima chumvi.

Uji ulipochemka alimlisha mama kwa upande wa mdomo usiokufa, akikinga kidevu kwa kitambaa. Alimfuta, akambadilisha, akafua, akaanika nyuma ya nyumba ambako wapita njia hawaoni. Akachota maji bombani, safari ya kwanza na ya pili. Akachagua maharage na kuyaloweka. Akamsogezea mama kikombe mkono wa kushoto, kijiko ndani yake. Yeye uji wake aliunywa wima, huku akivaa sare.

Ndipo mama akaanza kukwaruza.

Hiyo ilikuwa sauti ya nne. Haikuwa kugonga. Mama alikuwa akizungusha kijiko ukingoni mwa kikombe, kwaruu, kwaruu, macho ameyakaza mahali pamoja ukutani. Chiriku alipomsikia mara ya kwanza alipitia yote anayoyajua: maji, mto, dirisha, nzi, baridi. Kwa kila moja mama alifumba macho kwa nguvu, maana yake hapana. Hayo yalikuwa ya siku za mwanzo. Sasa Chiriku hakuuliza tena, kwa sababu alishaelewa, na alikuwa anajifanya hajaelewa.

Pale ukutani palikuwa pakining'inia picha ya mama na dada yake, wameshikana viuno wakicheka. Chiriku aliitoa akaificha nyuma ya cherehani. Ukuta ukabaki na mraba mweupe, na mama akaendelea kuutazama mraba.

Huyo dada, mama mkubwa, alikuja siku mgonjwa alipotoka hospitali. Alikaa, akalia, akafua mashuka yote, kisha akamwambia balozi wa nyumba kumi mlangoni, bila kujua kama mtoto yuko nyuma ya pazia, kwamba hali ikiwa hivi hivi ndugu wamekubaliana mgonjwa apelekwe kwa babu, na mtoto atakaa kwake yeye, atamsaidia kazi. Kwa babu ni siku nzima kwa basi. Chiriku alishika pazia kwa meno.

Tangu hapo mama mkubwa alikuwa akituma unga na maharage kwa msukuma mkokoteni, mtu mcheshi aliyezoea kusema kwamba tofauti yake na punda ni shati tu. Kila akifika aliuliza apeleke salamu gani. Na kila mara Chiriku alisimama katikati ya mlango, uso mkavu, akasema mwambie anaendelea vizuri. Mara nyingine, mwambie ameanza kukaa. Mara ya mwisho alisema mama ameshika sindano, na jioni yake maharage aliyaacha kwenye sahani.

"Narudi mchana, mama," alisema sasa, akavuta mlango. Kukwaruza kulimfuata hadi kwenye kona ya gereji ya baiskeli.

Alipofika shuleni mstari ulikuwa umeshavunjika. Kiranja wa zamu alikuwa ameegemea geti, anachezea fimbo ya mpera.

"Mzazi wako yuko wapi?" aliuliza. Mwalimu mkuu alikuwa ametoa agizo wiki iliyopita: wachelewaji sugu waje na wazazi, na siku ya mwisho ni leo. Asiyekuja naye ataandikishwa kurudia darasa, na mtihani atausikia kwa wenzake.

"Yupo safarini."

"Safari gani hiyo isiyorudi? Ameenda kuoa au kuolewa?"

Wenzake wawili waliokuwa wakifagia walicheka. Chiriku alipokea ufagio wa adhabu, akafagia upande wake mpaka kwenye mitaro, akaingia darasani mgongo umelowa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu. Mwalimu wa hesabu aliitwa Mwalimu Rula, ingawa si mbele yake. Mama mnene aliyekaribia kustaafu, mwenye miguu ya kuvimba, aliyekuwa na desturi ya kukaa kwenye kona ya dawati la mwanafunzi yeyote na kufundisha kutoka hapo, rula ya mbao mkononi. Hakuwa mpigaji sana. Rula ilikuwa ya kugonga madawati.

Chiriku alinakili swali la kwanza. Matangi mawili yanajazwa na mabomba matatu. Alitazama mabomba. Aliwaza kwamba bomba la kwao leo lilitoka kwa uvivu, na doa linang'aa, na maharage yamelowekwa, na jua lilikuwa limeingia dirishani likamkalia shingoni kama mkono wa joto. Usingizi haukuja kwa kuiba. Ulimchukua kama mwenye mali.

Mwalimu alimwona. Alisogea polepole kwa miguu yake ile, akakaa kwenye kona ya dawati lake, na darasa zima likatulia kungoja raha. Akainua rula, akagonga mbao.

Ko, ko.

Chiriku aliinuka. Macho yalikuwa yamefumba. Alipitisha mkono wa kushoto nyuma ya shingo ya mwalimu, wa kulia chini ya nyonga, akatanua miguu kama mtu anayejiandaa kuinua gunia.

"Haya mama, jikaze kidogo," alisema. "Nakugeuza sasa. Usiogope, sikuachii."

Darasa lililipuka. Kuna aliyeanguka chini kwa kicheko. Mmoja wa nyuma akasema mgeuze vizuri asiungue, na wengine wakapiga madawati. Ni kelele hizo zilizomwamsha Chiriku. Alijikuta pua yake iko kwenye shingo ya mwalimu, penye harufu ya poda na chaki, na mikono yake imeshika mahali ambapo mwanafunzi hashiki.

Hakuitoa mara moja. Hakujua aitoe vipi.

Mwalimu Rula naye hakusogea. Kwake nyumbani kulikuwa na kitanda kilichobaki tupu, na kabla hakijabaki tupu alikuwa ameinama juu yake muda mrefu kwa jinsi hii hii: kiganja kimefunguka nyuma ya shingo, vidole haviminyi, uzito unavutwa kwa nyonga na si kwa bega. Mtoto anayecheza hajui kushika hivyo. Hata mtu mzima hajui, mpaka kitanda kimfundishe.

"Nyamazeni," alisema. Hakupaza sauti, na labda ndiyo sababu walinyamaza.

Kengele ya mapumziko ilipogongwa, ile rimu ya gari iliyotundikwa mtini, mwalimu alimwita pembeni.

"Unamgeuza nani?"

Chiriku alitazama viatu vyake. Alisema mama yupo safarini.

"Sikuuliza yuko wapi. Nimeuliza unamgeuza nani."

Mtoto alikaza midomo kama mfuko uliovutwa kamba. Mwalimu hakumsukuma. Alichukua mkoba, akamwambia kiranja amwangalizie darasa, akasema, "Tangulia. Mimi natembea taratibu."

Kwenye gereji ya baiskeli mwalimu aliomba wapumzike, akashika nguzo, akapumua. Kutoka hapo Chiriku alianza kusikia, au alidhani anasikia, kwaruu, kwaruu. Alitamani kwenda kasi na alitamani wasifike.

Mlangoni mwalimu alivua viatu. Harufu ya chumba ilimpokea kabla ya mtu: mafuta, sabuni ya kufulia, na ile nyingine iliyo chini yake ambayo sabuni haiifikii. Alipiga hodi, akaingia, akasema, "Pole, mama. Pole na kuumwa. Mimi ni mwalimu wa binti yako."

Mgonjwa alimtazama kwa jicho lililofunguka lote na lile lililofunguka nusu. Chozi likatoka upande mmoja tu. Kisha akashika kijiko akakwaruza, upesi upesi sasa, kama mtu aliyeona mlango ukiachwa wazi.

"Anasema nini?" mwalimu aliuliza.

"Sijui."

"Mengine unayajua?"

Chiriku akayataja: maji, kugeuza, beseni.

"Na hili hulijui."

Mwalimu alifuata macho ya mgonjwa hadi ukutani, kwenye mraba mweupe na msumari wake juu. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaweka mkoba miguuni, akangoja kama wanavyongoja watu wasio na pengine pa kwenda. Kijiko kiliendelea. Nje mtu alipita akiuza mkaa, sauti ikaja, ikaisha.

Chiriku alienda kwenye cherehani. Aliinua pembe ya shuka, akaingiza mkono nyuma, akatoa picha. Ilikuwa na vumbi. Aliifuta kwa tumbo la sare. Akaiweka kifuani kwa mama.

Kijiko kikanyamaza.

"Anataka aitwe dada yake," alisema Chiriku, akiambia ukuta. "Tangu zamani anataka. Nilijua. Mama mkubwa akija atampeleka kwa babu, na mimi nitakwenda kwake. Nilimwambia anakaa. Nilimwambia ameshika sindano."

Mwalimu Rula angeweza kusema yote yatakuwa sawa. Alilifungua neno hilo mdomoni, akalifunga.

"Sitakudanganya, mwanangu," alisema. "Sijui dada yake ataamuaje. Nitakuwepo akija, nitasema niliyoyaona. Lakini aliyelala hivi hakosi doa mgongoni. Umeliona?"

"Nimeliona."

"Likipasuka?"

Mama, mkono wake mzima ukiwa juu ya picha, alikitafuta tena kijiko. Ko, ko.

Mtoto aliinuka kabla sauti haijaisha. Lakini mwalimu alikuwa ameshasimama, miguu yake mibovu na yote, akamzuia kwa kiganja.

"Kaa. Nielekeze kwa mdomo tu."

Chiriku akakaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa cherehani, pale pale alipokuwa akikaa zamani. Alieleza: mkono wa kushoto nyuma ya shingo, ndiyo, hivyo. Nyonga kwanza. Kata kubwa isogeze, si hiyo, ile ya maua. Mwambie ajikaze, anapenda kuambiwa. Mwalimu alisema, "Jikaze kidogo, mama," na mama akageuka.

Ilikuwa mara ya kwanza Chiriku kuiona kazi hiyo kwa mbali. Aliona ilivyo ndefu. Aliona mwalimu, mtu mzima, mnene, akishika kitanda kujipa pumzi.

Mwalimu alipomaliza kupanga kata alijifuta uso kwa mtandio, akamgeukia.

"Mama ameshasema. Na wewe, Chiriku, unataka nini?"

Swali hilo alikuwa akiliuliza yeye, asubuhi na jioni, juu ya kikombe. Lilipomrudia alilitazama kama kitu chake kilichopotea kikaletwa na mgeni. Kichwa kilikuwa kimeshaegemea pedeli.

"Nataka kulala," alisema. "Mtu mwingine akisikilize kikombe."