Karate ya Mkunazini

“Mwanangu hapigwi na mtoto wa kike mbele ya kamera, nshasema,” Salhiya alisema, kasimama mlangoni kwa Bi Riyama, mikono kiunoni. “Filamu hii itafika mpaka Pemba kwa wakwe zangu.”

“Mtoto wa kike huyo huyo, mwanao anamnyang'anya vitumbua kila asubuhi,” Bi Riyama akamjibu kutoka ndani. “Hilo Pemba halijafika?”

Uchochoro mzima tulikuwa nje, na mie nshajipatia nafasi yangu barazani. Mjaka, mpiga video wa harusi, alikuwa anaitengeneza upya ile filamu ya karate tuliyoitazama udogoni mpaka kanda ikakatika: mtoto anaonewa, anapata mwalimu mzee, mwisho anamgaragaza adui yake. Mtoto ni Amne, mjukuu wa Bi Riyama. Adui ni Haitham wa Salhiya, na huyo hakuhitaji kufundishwa kuigiza. Mwalimu alikuwa awe Wakil, mlinzi wa hoteli Mbweni anayedai kasomea Uchina. Jumatatu alinyanyua mguu mara moja, mpaka leo anachuliwa mgongo. Bi Riyama akashika nafasi yake ya ualimu.

“Mie mafunzo yangu kukuna nazi,” alimwambia Mjaka. “Ukitaka ya kuruka, katafute chura.”

Amne hakutaka umaarufu. Alitaka siku moja tu afike skuli na vitumbua vyake vyote vitatu.

“Basi watoke sare,” Mjaka akasema, maana umeme wa taa zake unatoka kwa Salhiya.

Amne akainamisha kichwa. Sare, na kesho yale yale.

Wakasimama katikati, Mjaka akasema anzeni. Haitham, kwa mazoea, hakurusha ngumi. Alipeleka mkono moja kwa moja kwenye mkoba wa Amne, pale vitumbua vinapokaa.

Amne akaudaka. Mtoto anayekalia mbuzi kila alfajiri akakuna nazi nne, vidole vyake si vya mchezo. Haitham akavuta. Akavuta tena, akapiga goti.

“Mama, mwambie aniachie.”

“Kwanza niambie,” Salhiya akasema taratibu, “mkono wako unafuata nini kwenye mkoba wa mwenzio?”

“Vyao vitamu kuliko vyetu.”

Tulicheka mpaka paka wa barazani wakahama. Salhiya akamgeukia Mjaka. “Hiyo ikate.”

“Kata wewe, umeme wako,” Mjaka akajibu, jicho halitoki kwenye kamera.

Amne bado kashika. “Na kesho?”

“Sichukui.”

“Sema huku, kwenye kamera.”

“Sichukui vitumbua vya Amne.”

Akamwachia. Haitham akabaki anasugua mkono, kwao hathubutu kwenda kwa namna mama yake alivyomkazia macho. Amne akamtazama, kisha akaelekea mlangoni.

“Bibi, vimebaki?”

“Vimo, vya moto.”

“Njoo ule,” akamwambia Haitham. “Ila leo unapiga hodi kwanza.”