Mbayuwayu na Mabirika ya Mto Wino

Nchi ya Mirandazi imekatwa katikati na Mto Wino, ambao maji yake ni meusi lakini hayamchafui mtu, na kila ukingo una mji wake, Chorongo upande wa magharibi na Mbarika upande wa mashariki, miji iliyofanana kwa mapaa, kwa harufu ya maandazi ya asubuhi, hata kwa namna akina mama wanavyowaita watoto wao kuoga. Chorongo inatawaliwa na Bwana Fumbata, aliyezaliwa ngumi yake imekunjwa na hakuona sababu ya kuikunjua. Ngumi hiyo ndiyo nembo yake, imechongwa juu ya kila mlango. Mbarika inatawaliwa na Bibi Kaziba, ambaye nembo yake ni kizibo cha chupa. Wawili hawa hawapendani, ila wanaelewana vizuri sana.

Watu wote wa Mirandazi ni wachoraji. Huchora ndani ya vibweta, visanduku vidogo vyenye mdomo, na mchoro ukikamilika kibweta huukunja tabaka juu ya tabaka mpaka uwe punje ndogo kama ya mtama, ambayo mtu anaweza kuifunga kwenye ncha ya leso na kumpelekea ampendaye. Lakini punje ya Chorongo hufunguka sawasawa ndani ya kibweta cha Chorongo tu, na ya Mbarika ndani ya cha Mbarika, maana vibweta vyote ni vya watawala na raia huazimwa tu. Kila mwaka baada ya mavuno watawala hubadilisha midomo ya vibweta vyao, wakisema vimeboreshwa, na mzee anayetaka kutazama mchoro wake wa ujanani hukuta haufunguki tena.

Tena vibweta vile vina kiburi cha waliovitengeneza. Kibweta kikipewa punje ya ng'ambo hakisemi kuwa hakijui. Kinabahatisha. Umbo kisilolifahamu huweka mahali pake umbo lolote kililo nalo, kisha hutulia kama kilichotenda wema. Na kwa kuwa ni nadra punje kuvuka mto, wengi hawaujui mchezo huo.

Mwaka mmoja Mwache, binti wa Bi Mwanakheri wa Chorongo, alichumbiwa na Makame, mwana wa Bi Shinuna wa Mbarika. Desturi ya nchi, kongwe kuliko vibweta, ni kwamba kanga ya harusi huchorwa na mama wawili: mama wa bibi harusi huchora pindo linalozunguka, mama wa bwana harusi huchora mji wa katikati, na kanga isipokamilika hakuna ndoa. Harusi ilipangwa kabla tu ya mavuno. Ikipita hapo vibweta vingebadilishwa midomo, na michoro yote miwili isingefunguka popote. Mwache alijua hilo, na kila asubuhi alihesabu siku.

Bi Mwanakheri alichora pindo la mbayuwayu, kwa sababu Mwache alipokuwa mdogo aliwakimbiza uani kutwa nzima. Akatuma punje Mbarika. Bi Shinuna alipoifungua, kibweta chake kilimtolea mabirika ya chai, yamepangwa foleni, midomo juu. Naye akatuma punje ya mji wake wa katikati, makomamanga yaliyopasuka kwa utamu. Kibweta cha Chorongo kikayafungua: vitunguu.

Asubuhi iliyofuata mama wote wawili walifika kwenye daraja linalounganisha miji hiyo, kila mmoja na kibweta kwapani na uso umekazwa. Mzee Vuai, mlinzi wa daraja, aliona miguu yao imevimba kwa mwendo, akatoa vigoda viwili, akaviweka karibu karibu ili wasilazimike kupiga kelele.

"Mkwe," alianza Bi Shinuna, "chai kwetu tunakunywa, hatukatai. Lakini kumvika Mwache mabirika siku ya harusi yake, nimekukosea nini?"

"Mabirika yapi tena? Mimi nimechora mbayuwayu. Wewe ndiye uliyeniletea kapu la vitunguu, kana kwamba mwanangu anakuja kwako kulia."

"Vitunguu? Makomamanga yale, mkwe. Yameniumiza mgongo kuyachora."

"Hebu funua hicho chako nione."

Bi Mwanakheri aliyatazama mabirika kwa utulivu, moja baada ya jingine, kama anayetafuta mtoto wake katika kundi.

"Hili la mwisho," akasema, "lina mkia."

Walicheka mpaka Bi Shinuna akashika ubavu. Mzee Vuai aligeukia mtoni, asije akaonekana anawacheka watu wazima. Kisha Bi Shinuna akavua shuka jeupe alilojifunga mabegani, akalitandaza juu ya mbao za daraja, na mzee akawaletea mkaa kutoka jiko lake. Bi Mwanakheri akazunguka pembeni akichora mbayuwayu huku amepiga magoti. Bi Shinuna akakaa katikati na makomamanga yake. Goti la mmoja likigoma, mwenzake anampa bega. Mchoro ule haukuwa na tabaka, na kosa lilifutwa kwa kidole gumba. Lakini kila mwenye macho aliweza kuufungua. Wachapaji wa miji yote miwili walikuja wakautazama, wakaenda kuuchapa kwenye kanga.

Habari zikaenea. Maseremala wakaja kuchorea viti vyao darajani, wafinyanzi vyungu vyao, na vibwetani wakaanza kulala kuku.

Ndipo Fumbata na Kaziba walipokubaliana kwamba daraja lifungwe kabla ya harusi. Amri za Mirandazi huchorwa, na ngumi ikitundikwa njiani maana yake hakuna kupita. Fumbata aliichora mwenyewe, akamtumia mlinzi punje. Ila daraja hulindwa na Mbarika, na kibweta cha Mzee Vuai kilikuwa cha Mbarika. Kilichotundikwa juu ya daraja kilikuwa kiganja wazi, vidole vimetandazwa. Wapo wanaosema kibweta kilibahatisha chenyewe. Wapo waliomwona mzee siku hiyo ana masizi ya mkaa vidoleni.

Siku ya harusi watu walipita chini ya kiganja kile kwa vigelegele, Mwache akiwa na mbayuwayu mabegani. Kaziba alichungulia dirishani, akingoja kuona mambo yataelekea wapi. Fumbata alikuja mwenyewe, ngumi juu.

"Hamkuiona amri yangu?"

"Tumeiona, Bwana," alisema Mzee Vuai. "Ndiyo hiyo juu. Tumeshukuru sana."

Bi Mwanakheri alimtazama Fumbata, akaona mzee aliyetembea juani bila kula. Akachota haluwa ya moto.

"Lete mkono, baba."

Fumbata akanyoosha ngumi.

"Sasa nikuwekee wapi?"

Harufu ya iliki ilikuwa haina huruma. Kidole kimoja kikafunguka, kikafuata kingine, vikilia kama bawaba kuukuu. Haluwa ikawekwa, ikanata kama kawaida yake, naye akabaki amesimama mkono wazi, chini ya mkono wazi.

"Kumbe wamemchora vizuri," Bi Shinuna alisema. "Wamefanana."

Watu wa Mbarika husema kiganja kile hakikufumbika tena. Wa Chorongo husema alinawa, akakifumba, na yamebaki yale yale. Ngumi bado zipo juu ya milango yao. Ila sasa mtu akipita chini yake na kikapu cha sokoni huinua macho, akaiuliza taratibu, "Sasa nikuwekee wapi?" kisha akaenda zake akicheka.