Kupasha Midomo Moto Maskati

Ustadh Marhoon alichomoa waya wa televisheni ukutani, akauzungusha mkononi kama mtu anayemkaba nyoka, na picha ikafa. Wasichana wa tarumbeta, waliokuwa wamesimama na mashavu yamejaa pumzi, wakaziachia zote kwa pamoja.

"Khalas, imetosha," alisema. "Shule hii haifundishwi na sanduku."

Mwalimu Abigail alisogea mbele ya televisheni. Alikuwa ametoka chuo Nairobi mwaka uliopita, na tangu Januari alikuwa hapa Ghubra, mtaa wa Maskati, akifundisha tarumbeta katika shule ya binafsi ya wasichana. Marhoon alikuwa mwalimu wa ngoma tangu shule ilipofunguliwa. Mwomani mzaliwa wa Unguja, mtu mzima, kofia yake safi siku zote, ulimi wake hauchoki.

"Ustadh, hatujamaliza kupasha moto."

"Kupasha moto?" Akawageukia wapiga ngoma wake waliojazana mlangoni. "Mnamsikia? Maskati hii, mwezi wa nne, kuna watu wanataka kupashwa moto! Bibi wewe, weka birika hapo uwanjani uone kama utatafuta kiberiti."

Wapiga ngoma wakaangua kicheko. Rahila, mpigaji mkuu wa tarumbeta, akainamisha macho. Abigail alimwona, na hilo ndilo lililomuuma kuliko tusi lenyewe.

Kilichogombewa hakikuwa waya. Novemba, kwenye sherehe za Sikukuu ya Taifa, kabla Abigail hajaajiriwa, tarumbeta zilikuwa zimelia kama mbuzi waliofungiwa mbele ya wazazi wote. Bi Muhsina, mkuu wa shule, hakuwa mtu wa kurudia maneno. Siku Abigail alipofika alimwambia, "Siku ya Michezo nnataka kusikia muziki. Nikiaibika tena, tarumbeta nnazitoa, tunabaki na ngoma. Na wewe utakuwa huna kazi hapa." Marhoon alikuwa amekaa palepale akinywa kahawa. "Mimi nnangoja tu," alisema, wala hakujificha.

Kanda ya video waliyokuwa wakiitazama Abigail alitumiwa na dada wa kanisani kwao aliyekwenda kusoma Marekani. Ilionyesha vijana wa bendi moja ya kutembea uwanjani, yenye ngoma na tarumbeta tupu, wakijiandaa kabla ya kupiga. Walianza kwa kupumua, mikono ikipanda na kushuka. Kisha walitetemesha midomo bila chombo, wakavuma kama mzinga wa nyuki. Kisha wakapiga sauti ndefu, za chini, za taratibu. Mzee aliyewaongoza, mwenye koti nene, hakumfokea mtu hata mara moja. Abigail aliipenda kanda ile hasa kwa hilo. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mtoto akifundishwa kupumua bila woga, mengine yatafuata.

Mwisho wa mazoezi mzee yule aliwaambia vijana wakumbatie tarumbeta zao na kuzipulizia pumzi ya moto mpaka chuma kipate joto. Hapo Abigail hakuhitaji mwalimu. Kwao Kakamega, katika bendi ya Jeshi la Wokovu, alfajiri za baridi walikuwa wakizibana tarumbeta makwapani kabla ya maandamano, la sivyo zingelia chini ya sauti inayotakiwa.

Basi wasichana wa Ghubra nao wakakumbatia, wakapuliza. Na darasani, kiyoyozi kikivuma, mambo yalikwenda vizuri. Midomo ya Rahila, iliyokuwa ikivimba na kupasuka kwa kukandamizwa, ilipona. Sauti yake ikawa nene na laini.

Balaa lilikuwa nje. Wiki moja kabla ya Siku ya Michezo waliungana na ngoma uwanjani. Katika kundi la Marhoon kulikuwa na marimba ya chuma, vibao vinavyogongwa kwa vifimbo, na marimba na tarumbeta zilitakiwa ziimbe pamoja. Zilipoanza, watu walikunja nyuso. Tarumbeta zilikuwa juu kidogo tu ya marimba, na kidogo hicho kilitosha kumtia mtu maumivu ya jino.

"Basi, basi, basi!" Marhoon aliziba masikio. "Wallahi, hata punda wa Qurayyat wana adabu kuliko hivi."

"Vuteni mrija nje kidogo," Abigail aliwaambia wasichana, na tarumbeta zikashuka. Lakini wakati wa kusubiri zamu alikuwa amewaambia wazikumbatie, wazipulizie. Baada ya muda mfupi zilikuwa zimepanda tena.

"Marimba yangu haitoki hapa wala haiendi kule," alisema Marhoon. "Chuma kimetulia. Wasiotulia nnawaona." Rahila alilia waziwazi. Marhoon akaenda zake moja kwa moja ofisini kwa Bi Muhsina kushitaki.

Ijumaa, siku ya mapumziko ambayo hata makanisa ya huko husali, baada ya ibada, Abigail alikaa chumbani kwake Khuwair ya Kusini, akaiweka kanda tena kwenye deki ya Maryanne, Mkenya mwenzake aliyepanga naye.

"Aki wewe na hiyo kanda," Maryanne alisema akipiga pasi. "Utaichakaza."

"Kuna kitu sikioni."

"Mimi naona mzee anavuta sigara huku anafundisha watoto. Hana haya?"

Abigail alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mzee hakuwa na sigara. Ule moshi uliokuwa ukimtoka kinywani kila aliposema neno ulikuwa pumzi yake mwenyewe. Na vijana nao, mstari mzima, pumzi zao zilikuwa zikipanda nyeupe hewani. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, baridi ya Kakamega mara kadhaa.

Akaweka kiganja kwenye chuma cha dirisha, kikamuunguza.

"Nimezipasha moto mara mbili," alisema. "Jua limepasha, na mimi nikaongeza. Midomo ndiyo inayotaka joto, Maryanne. Tarumbeta hazitaki."

Siku ya Michezo, tarumbeta zililala maktabani chini ya kiyoyozi. Nje, wasichana walishika vipulizio tu, vile vikombe vidogo vya kutilia mdomo, wakapumua, wakavuma, wakateremka taratibu hadi sauti za chini.

"Bata!" Marhoon alipiga kelele kutoka upande wa pili. "Leo wametuletea bata!"

Abigail alitangulia kupumua mwenyewe, wakamfuata.

Zamu yao ilipokaribia, walileta tarumbeta, wakajipanga juani nyuma ya ngoma. Ishara ya kuanza ilikuwa mkononi mwa Marhoon, na Marhoon hakuitoa. Alikaza ukanda wa ngoma hii. Akaulegeza wa ile. Jua likapiga shaba. Ndipo Abigail alipotazama, akaona wasichana wa marimba hawakuwa kwenye mstari. Walikuwa wamewekwa chini ya turubai, kivulini, na marimba yao imefunikwa kitambaa.

Akamwendea.

"Ulijua."

"Nijue nini?"

"Kwamba jua linapandisha sauti ya tarumbeta."

"Nnajua tangu wewe hujazaliwa."

"Na ukaniacha."

"Uliniuliza?" Marhoon alimtazama bila kupepesa. "Umeshuka kwenye ndege na sanduku lako, hukumuuliza mtu kitu. Una kanda, kanda ikusaidie."

Neno lile lilimchoma kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Lakini nyuma yake walisimama watoto ambao hawakumkosea Marhoon chochote. Akarudi kwao mbiombio.

"Vueni vipulizio, shikeni mkononi. Tarumbeta zote ndani ya mitandio."

Mitandio ya sare ilikuwa myeupe, mirefu mpaka kiunoni. Tarumbeta zikapotea ndani yake. Abigail alichukua chupa za maji za wakimbiaji, akawamwagia.

"Miss, tunalowa!" alisema Rahila.

"Loweni. Endeleeni na midomo."

Kwa hiyo wazazi wa Ghubra waliona jambo ambalo hawajawahi kuliona: safu ya wasichana waliolowa maji, matumbo yamevimba shaba, wakivuma kama nyuki. Bi Muhsina alisimama kitini. "Ustadh Marhoon!" aliita. "Tunangoja nini?"

Marhoon akaachia ukanda wa ngoma. Akashusha mkono.

Tarumbeta zikatoka mitandioni zikitiririka maji. Msichana mmoja wa safu ya nyuma alikosa sauti yake ya kwanza, ikakwaruza. Kisha Rahila akaingia, sauti yake nene na laini, na marimba ikamkuta palepale alipo. Wala mtu hakukunja uso.

"Tarumbeta zinabaki," alisema Bi Muhsina baadaye, akimtazama Abigail kuanzia viatu vilivyolowa. "Lakini mwakani sitaki kuona mtu amelowa."

Marhoon hakumpa mkono siku ile, wala siku nyingine. Alipoombwa waya wa televisheni, aliuacha sakafuni mlangoni.

Mwezi wa tano Abigail aliazima kamera, akarekodi kanda yake mwenyewe chini ya ukuta wa maktaba, kwa ajili ya watoto wa nchi za joto: midomo kwanza, chombo kivulini. Marhoon alichagua saa ileile kufanya mazoezi ya ngoma kwenye dirisha la pili, kwa nguvu zote. Kelele zake zimo kwenye kanda mwanzo hadi mwisho. Rahila aliuliza kama warudie.

"Hapana," alisema Abigail. "Wajifunze kupumua hivyohivyo."

Akainua mikono, na wasichana wakavuta pumzi.