Mama Halo na Waya wa Ukutani

Fundi wa intaneti alikitoa kisanduku kwenye begi lake la mgongoni, akakifuta kwa kiganja, akakiweka kando ya simu ya mezani. Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, kina matundu mawili nyuma na taa tatu mbele. Kazi yake, alieleza, ni kuifanya simu ya zamani izungumze kwa intaneti. Alieleza na mengine mengi, maana alikuwa dada mmoja mwenye mdomo usiopumzika, na Mama Halo akayasikiliza yote huku akimwangalia viatu.

Kampuni ya simu ilikuwa imetangaza kwamba nyaya za zamani zinazimwa mtaa mzima. Anayeipenda namba yake aihamishie kwenye intaneti. Asiyeipenda aiache ife. Majirani wote waliziacha zao zife, wakasahau hata mazishi. Mama Halo alikataa katakata. Si kwamba hakuwa na simu ya mkononi. Alikuwa nayo, zawadi ya binti yake, na aliitunza kabatini, imezimwa, ili isichakae.

Jina lenyewe la Mama Halo lilitoka kwenye simu ile ya mezani. Enzi hizo ilikuwa simu pekee ya mtaa, na alipoipokea, "Halo!" yake ilivuka ukuta mpaka kwa mpiga pasi wa jirani. Lakini hakuing'ang'ania kwa ajili ya enzi. Aliing'ang'ania kwa sababu ya mwanawe wa kiume, kifungua mimba wake, aliyekwenda nje ya nchi kutafuta maisha na ambaye mpaka sasa alikuwa anayatafuta. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kijana yule hupiga. Namba yake mwenyewe haipigiki. Alishasema huko ndivyo zilivyo. Namba ya nyumbani ndiyo aliyoijua kwa kichwa, na ikifa, basi naye kapotea.

"Si umpe yangu, Mama?" binti yake alimwuliza kutoka kwenye cherehani. Binti alikuwa mshonaji, na sebule ile ile ndiyo iliyokuwa duka lake.

"Nilimpa. Akasema anaiandika. Yule namjua, hajaandika."

Taa ya kwanza ikawaka, ya pili ikawaka, ya tatu ikagoma. Fundi akazima, akawasha. Akazima tena, akangoja, akawasha kwa upole zaidi. Ndipo alipogundua kwamba waya wa intaneti ameuchomeka kwenye tundu la simu, na waya wa simu kwenye tundu la intaneti. Akajicheka mwenyewe mpaka Mama Halo naye akacheka. Akazibadilisha, taa ya tatu ikawaka kijani, na mkonga wa simu ukaanza kuvuma kama zamani.

"Ila kisanduku hiki hakielewi simu ya kuzungusha, Mama," alisema fundi. "Utapokea tu. Kupiga hutaweza."

"Nimpigie nani?" alisema Mama Halo.

"Na jambo moja: simu iishie hapa kwenye kisanduku. Usiichomeke tena ukutani. Hilo tundu la ukutani lisahau kabisa."

Hapo fundi alimkosea mwenye nyumba bila kujua. Marehemu mume wa Mama Halo ndiye aliyepitisha waya ule kwa mikono yake, akaugongea misumari kuzunguka sebule nzima, na katika maisha yake yote alisimamia kanuni moja, kwamba simu isiyochomekwa ukutani ni pambo. Fundi hakuwa amefika kona ya mtaa, Mama Halo alikuwa ameshafungua droo ya marehemu, akatoa kile kigawanyo chake chenye midomo miwili, na kuiunganisha simu kotekote: kwenye kisanduku na ukutani. Taa zote tatu zilibaki kijani. Akaona fundi amezidisha maneno tu.

Jumapili simu ikalia. Sauti ya kijana ilikuwa safi, utadhani amekaa kwenye kochi. Aliuliza afya, akaulizwa afya, kisha akaanza habari za baridi, maana hakuna Jumapili aliyoacha kuzitaja.

"Theluji, Mama. Theluji tupu huku, hata mlango haufunguki."

Mama Halo akahisi kitu begani. Kutoka kwenye vitundu vya upande wa kusikilizia kulikuwa kunamwagika vumbi jeupe, laini, pole pole, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshakuwa jeupe lote. Akachovya kidole akaonja.

"Theluji ina ladha ya unga," alimwambia binti yake baada ya kukata simu.

Binti naye akaonja. "Mama, huu ni unga."

"Wewe umeionja theluji lini?"

Binti akachukua chekeche. Akaukusanya ule uliokuwa mezani, akauchekecha, akautia kwenye kopo. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuumwaga unga mzima.

Jumapili iliyofuata unga ulikuja na maji. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na kwenye simu kijana alikuwa anasema kwamba huko kumeganda mpaka mabomba, na upande wa kusikilizia ulikuwa unadondosha matone ya mvua ya kawaida, yenye kutu kidogo kama ile ya kwenye mabati yao. Kitambaa cha meza kiliharibika. Binti akampigia fundi, akamweleza kwamba simu inavuja.

"Zimeni, muwashe," alisema fundi. Wakazima, wakawasha. Ikaendelea kuvuja.

Basi fundi akaja mwenyewe, Jumapili, wakati wa simu, ili aone tatizo likitokea. Akafungua kompyuta yake magotini, akaangalia mipangilio ya kisanduku, akasema kila kitu kiko sawa isipokuwa sauti imewekwa juu mno, na pengine ndiyo inayosukuma.

"Kuna kitu mmegusa?"

"Hatujagusa chochote," alisema Mama Halo. Alikuwa ameegemea ukuta, mgongo wake umeliziba tundu la ukutani barabara.

Simu ikalia. Akaipokea pale pale alipoegemea. Kijana alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye baridi pale mkonga ulipoanza kutikisika. Ukatokeza mdomo, kisha kichwa, na kichwa kikageuka pembeni kumwangalia fundi. Kifua kilipata shida kidogo. Njiwa akajikaza, akatoka mzima, akatua kwenye meza, akakung'uta mabawa. Alikuwa na unga mgongoni na uzi mwekundu mguuni.

"Nitaipunguza sauti," alisema fundi, akabonyeza.

"Huku hata ndege wamehama, Mama," kijana alikuwa akisema. "Huwaoni. Baridi imewafukuza wote."

Njiwa akatembea mpaka ukingoni mwa meza, akarukia dirishani, akavuka ukuta bila hata kuangalia huku na huku, akaingia kwenye banda la njiwa la mpiga pasi.

"Umerudi, mzururaji?" sauti ya mpiga pasi ilisikika.

Binti akatoa kichwa dirishani. "Jirani! Huyo njiwa ni wako?"

"Wangu, nani mwingine atamfuga asiye na adabu hivi? Kila siku yuko kule kwenye kiwanda cha unga, upande wa pili wa reli. Akishiba ndiyo anakumbuka kuna kwao."

Binti akarudisha kichwa ndani. Kwenye mkonga kijana alikuwa anaendelea na baridi, na nyuma yake, sasa walipotega masikio, mashine za kusaga zilikuwa zinanguruma.

Iliuma. Mama Halo hakuwa mtu wa kuficha maumivu, na uso wake ulionyesha yote. Hakuwaza miaka wala zawadi zisizofika. Aliwaza siku ya kumzika mumewe. Kijana alipiga simu siku ile, akalia, akasema ndege zote zimejaa, akalia tena mpaka mkono wa mama yake ukachoka kushika mkonga. Makaburi yako upande wa pili wa reli. Jeneza lilipita mbele ya kiwanda cha unga, na wabeba magunia wa pale, weupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, walishusha mizigo yao, wakavua kofia, wakasimama mpaka watu wote wakapita. Mama Halo alikumbuka jinsi alivyowashukuru moyoni. Sura zao hakuziangalia.

"Mama, uko?" kijana aliuliza.

Binti alikuwa ameshanyoosha mkono. "Nipe nizungumze naye. Nipe, Mama!"

Mama Halo akauhamishia mkonga sikio la pili. "Nipo, mwanangu. Jifunike vizuri."

Simu ilipokatika, fundi alifuata waya kwa kidole, kutoka kwenye simu mpaka kwenye kigawanyo, na kutoka kwenye kigawanyo mpaka ukutani, nyuma ya mgongo wa Mama Halo.

"Mama! Si nilikukataza?"

"Ulikataza."

Fundi akaeleza, na mara hii alifupisha. Nyaya za zamani zimezimwa lakini hazijang'olewa. Bado zimepita chini ya barabara zote, na waya ukikaa bila kazi hauchagui, hubeba chochote utakachopewa. Yeye alishakuta nyumba moja wanapokea moshi. Dawa ni rahisi: uchomolewe ukutani, itabaki sauti tupu, safi. Akashika plagi tayari kuvuta.

"Acha," alisema Mama Halo.

Binti akasimama, nguo ya mteja ikamwanguka miguuni. "Mama, mtu yuko hapo tu! Ni kuvuka reli! Mimi naenda sasa hivi, namvuta kwa sikio mpaka hapa."

"Ukimleta kwa sikio utaleta sikio tu."

"Baba amepita mbele yake ndani ya sanduku!"

"Najua alipopita. Nilikuwa nyuma yake." Mama Halo akapangusa unga mabegani. "Na wewe nisikilize. Akijua tumejua, hapigi tena. Aibu itamfunga mdomo, na huku nitakaa na simu nzima, nzuri, isiyolia. Hakuna wa kwenda."

Binti aliyemlisha mama yake, aliyemlipia kisanduku, aliyempeleka hospitali na kumrudisha, akaiokota nguo ya mteja na kukaa. Alishona wiki nzima kwa hasira, na mishono ya wiki ile ilikuwa imenyooka kuliko yote.

Mama Halo naye aliingia kazini. Alinunua nyuzi nzito za sufu, za kijivu, ambazo muuzaji alikuwa amekata tamaa nazo kwa kuwa mji wenyewe ni wa joto. Akafuma sweta. Mikono aliijua urefu wake, maana watoto wote wa mume wake walirithi mikono mirefu, kifua alikikadiria. Mabega ndiyo yaliyomsumbua. Aliyafuma, akayafumua, akamsimamisha mpiga pasi mlangoni, akayatazama mabega yake kama kipimo, akayafumua tena. Binti alimwona, kisha siku moja akachukua sweta bila kuombwa akamshonea vifungo.

Jumapili Mama Halo alitanguliza mkono wa kushoto wa sweta kwenye upande wa kusemea, akausukuma kwa kidole gumba taratibu huku akiuliza habari za kazi. Kijana alisema ofisini hawajambo, bosi anamwamini sana. Sweta liliingia mpaka kwapani, likakwama, akalizungusha kidogo, likaendelea. Vifungo vilipita kimoja kimoja. Ukosi ulipomalizikia ndani, upande wa pili zilisikika mashine tu.

"Mama," kijana alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kuna kitu kimefika."

"Ni kwa ajili ya baridi, mwanangu."

Ilikuwa nafasi yake. Mama Halo alimpa, alingoja, hata pumzi aliibana. Angesema neno moja tu la kweli, lolote, angefunguliwa mlango kabla ya jua kuzama na wala asingeulizwa swali. Binti naye aliuinua mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Asante, Mama," alisema kijana. "Huku kweli ni baridi kali."

Fundi alirudi mtaani ule baada ya muda, kumfungia mpiga pasi intaneti, akapita kuwasalimu. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba lami ya barabarani ilikuwa inanata. Akaomba maji, akanywa, na kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki, akasema amekatiza kwa kiwanda cha unga na ameona kituko. Wabeba magunia wote vifua wazi, wanachuruzika jasho, isipokuwa mmoja, mrefu wa mikono, amevaa sweta zito la kijivu, kalifunga vifungo mpaka shingoni. Unga umemgandia. Wenzake wanamcheka mpaka wanakaa chini, naye anabeba tu.

Alipofika hapo alikumbuka yuko nyumba ya nani, akaangalia glasi yake. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Mabegani limemkaaje?" aliuliza Mama Halo.

Fundi akafikiri vizuri, kwa kuwa mabega hayakuwa fani yake. "Limemkaa sawasawa, Mama. Kama alipimwa."

"Nilikisia tu," alisema Mama Halo. Akafurahi. Alishinda na furaha ile siku nzima, akaimba jikoni, akamweleza mpiga pasi kupitia ukutani, na furaha hiyo ilimuuma binti yake kuliko uongo wote wa kaka yake.