Bunduki Isiyotoa Moshi

Siku tatu mfululizo nilimwambia mume wangu jambo moja, naye siku tatu mfululizo alinijibu kwamba mwanamke hajui bunduki. Kana kwamba si mimi niliyekuwa nikiyajaza upya maganda ya risasi zake, kwa baruti niliyoitwanga kwa mikono yangu!

Waingereza walikuwa wameingia Tirah, bonde letu la milimani, na mizinga yao. Shemeji yangu Yarbaz alikuwa ameteka bunduki yao mpya, ile nyembamba isiyotoa moshi, inayobeba risasi nane, na kwa kuwa alivunjika mkono, alimpa kaka yake aende nayo mlimani. Mume wangu aliikataa. Aliitaka bunduki yake ya zamani, Martini.

"Baba Zarmina," nilisema, "bunduki yako inafuka kama jiko la kuni mbichi. Wapiga mizinga wanaulenga huo moshi. Nimeona wenzako wawili wakifa hivyo."

"Mbona mimi siuoni?"

"Utauonaje na wewe umo ndani yake? Sisi tulio juu ya mapaa ndio tunaouona."

"Risasi za hiyo nyembamba ni thelathini tu, na baruti yake hakuna hapa anayejua kuitengeneza. Zikiisha nipigane na nini? Mwiko wako?"

"Afadhali mwiko," Yarbaz akadakia. "Hautoi moshi."

Nilichoka. Nilimpandisha juu ya paa, nikaichukua Martini, nikaenda mwenyewe hadi mwambani juu ya shamba la mahindi, nikapiga risasi moja. Niliporudi, bega likiniuma, nilimkuta bado anautazama moshi wangu juu ya mwamba.

"Baruti yako mbaya," alisema.

Hata hivyo, alfajiri aliichukua ile mpya.

Kutwa nzima niliukodolea macho mlima. Moshi ulipanda kwa wengine, na mizinga ikaufuata. Alipokuwa yeye hapakuonekana kitu, nami nikatambua kwamba sasa sikuwa na njia ya kujua kama yu hai.

Jioni alirudi mzima, amenuna.

"Bunduki gani hii! Nimempiga askari, risasi ikapita kama sindano kwenye kitambaa, naye anaendelea kupanda! Martini ingemlaza."

"Zimebaki ngapi?"

"Nne. Kesho naenda na Martini."

"Basi ukipiga, hama. Kila risasi, mwamba mwingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama Zarmina. Nimesikia tangu juzi."