Mipira Myeupe ya Bi Lorna

Siku za mechi za mchana, Bi Lorna Tjaden hufika kwenye uwanja wa Pruitt geti linapofunguliwa. Hushuka ngazi kumi na nne na goti lake bovu, moja moja, asimpishe mtu, kisha husimama kwenye uzio upande wa kituo cha tatu, karibu na banda la wachezaji. Begani ana mfuko wenye mipira mitatu ya besiboli, kila mmoja umevalishwa soksi safi, na kalamu mbili za wino wa bluu. Makapeni, ile kalamu nene ya wino mzito, hataki hata kuiona. Makapeni ni ya kofia. Kwenye ngozi ya mpira wino wake husambaa, na anayempa mchezaji mpira na makapeni kwa pamoja, sisi wa uzioni tunamjua kuwa kaja juzi.

Alifanya kazi kiwanda cha kusindika mahindi ya makopo miaka thelathini na mmoja. Kiwanda kikafungwa, mumewe akafa, yeye akaanza kuja uwanjani kukusanya saini za wachezaji. Haziuzi. Vern Opsahl, anayesimama kulia kwake na sanduku la magurudumu, yeye anauza, na hajifichi. Ni watu wawili wasiofanana kwa lolote, ila wamegawana kivuli cha mwavuli mmoja kwa misimu kumi na miwili.

Mipira ya Bi Lorna iliyosainiwa inakaa jikoni kwake, kwenye rafu juu ya friji. Klabu ikishaamua kumwacha mchezaji, jina lake huondoka kwenye mpira. Huanza herufi ya kwanza, ikafuata ya pili, na kwa kawaida kazi yote huchukua siku nne. Asubuhi Bi Lorna hukuta vumbi la bluu kwenye rafu, akalifuta kwa kitambaa cha vyombo. Mwenye jina huambiwa mwisho kabisa, baada ya meneja, dereva wa basi na yule mama anayefua jezi.

Uzioni sote tunalijua hilo, na tumekubaliana kutosema. Mwaka mmoja mzee mmoja alimwambia mrushaji fulani, kijana wa watu akaingia uwanjani na machozi, mipira yake ikapigwa ovyo, na klabu ikasema unaona, ndiyo maana tunamwacha. Tangu hapo ni kimya. Vern akiona herufi imedondoka huuza mpira siku hiyo hiyo, na mimi sijawahi kumsifu kwa hilo.

Marcel Guidry alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira yote ya mrushaji. Alitoka Louisiana, alikuwa na miaka ishirini na tisa, na saba kati ya hiyo aliitumia kwenye miji ya aina ya Pruitt akingoja kuitwa klabu kubwa. Hakupita uzioni bila kusimama.

"Bi Lorna, goti linasemaje leo?"

"Linasema mvua."

"Basi tutacheza mbio mbio."

Mwezi wa saba alianza kusaini kwa namna nyingine. Aliuweka mpira juu ya bomba la uzio na kushika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, ili bega lisinyanyuke. Bi Lorna aliliona siku ya kwanza. Hakuliuliza, kwa sababu mdakaji anayesema bega linamuuma hupata mtu wa kukaa nafasi yake kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi asubuhi, akisuuza kikombe, akaona M kwenye mpira wa Marcel haipo.

Siku hiyo alikwenda uwanjani na hakusema. Ijumaa hakusema. Jumamosi alimpelekea Marcel keki ya mdalasini kwenye bati, akamtazama akiila, na hakusema. Usiku huo hakulala vizuri, alijiona mwoga, na mimi sioni neno jingine la kumpa. Jumapili zilikuwa zimebaki herufi mbili za mwisho. Akauvua mpira soksi, akamkabidhi Marcel mwenyewe mkononi.

Marcel akautazama. Wachezaji nao wanajua.

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumapili, Bi Lorna."

"Najua. Nilinyamaza. Nisamehe, mwanangu."

Vern akakohoa. "Lorna, umevunja utaratibu."

"Nimevunja. Niandikie barua."

Halafu akamshika Marcel mkono, ule mzima, akamwambia aende kwa tabibu wa timu sasa hivi, aseme bega, asimame hapo hapo mpaka liandikwe. Aliyeandikwa majeruhi haachwi; klabu humtibu mpaka apone. Aliyeachwa akiwa mzima kwenye karatasi, bega ni lake na familia yake. Marcel aliyajua haya kuliko yeye.

"Baba yangu yuko kule juu kwenye viti," akasema. "Yule wa kofia ya majani. Kakaa kwenye basi kwa muda wa saa kumi na tisa. Hajawahi kuniona nikicheza mpira wa kulipwa."

"Atakuona ukipona."

"Kesho asubuhi nitasema. Leo niache nidake tu."

"Marcel."

"Kesho, Bi Lorna. Naapa."

Akauacha mpira juu ya bomba na kwenda kuvaa vikinga vyake vya magoti.

Kipindi cha tatu mkimbiaji wa timu ngeni alijaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia kabla mpira haujapigwa. Marcel aliinuka na kurusha. Mpira ulikwenda umenyooka, chini chini, ukamkuta mkimbiaji bado hatua mbili, na watu wote wakasimama. Mzee wa kofia ya majani alisimama wa mwisho, polepole, akatazama huku na huku apate kuwaona wanaomshangilia mwanawe. Ulikuwa urushaji mzuri kuliko wote niliouona pale, nasema kweli. Baada yake mkono ule haukupanda tena. Vipindi vilivyobaki Marcel alimrudishia mrushaji mpira kwa chini, kama mtu anayemchezesha mtoto, na kwenye banda kila mmoja aliona na kuendelea kutafuna mbegu zake za alizeti.

Mechi ilipoisha aliitwa ofisini. Karatasi ilikuwa tayari, imeandikwa kwamba anaachwa akiwa na afya njema. Akaomba aitwe tabibu. Tabibu akaja, mtu mpole tu, akaisoma, akasema tarehe ya karatasi ni Alhamisi na Alhamisi Marcel hakulalamika lolote. Marcel alikubali kwamba hakulalamika.

Alipotoka, uwanja ulikuwa mtupu isipokuwa Bi Lorna, na Vern aliyebaki kumshikia mwavuli. Begi moja lilikuwa bega la kushoto la Marcel. La pili alilibeba baba yake.

"Baba, huyu ndiye Bi Lorna wa keki."

Mzee akavua kofia. "Asante kwa kumwangalia mwanangu, mama."

Bi Lorna alitaka kumwambia habari ya Alhamisi, akashindwa. Akautoa mpira, ambao sasa ulikuwa mweupe kabisa, pamoja na kalamu mpya.

Marcel akauweka juu ya bomba na kuandika jina lake lote, pale mishono inapokaribiana, mahali pa heshima. Kalamu ilikwenda vizuri lakini wino haukushika. Akarudia mara ya pili, akikandamiza. Ngozi ilibonyea tu.

"Basi," akasema. "Ukipapasa utalisoma."

Bi Lorna akapapasa kwa dole gumba. Lilisomeka.

Ile saa Vern alifungua sanduku lake akaangalia mahali pa mipira yake ya Guidry. Alikuwa ameiuza yote Ijumaa.

Jumatano klabu ilileta mdakaji mwingine, Dale Yarbrough wa Oklahoma, mtu mkubwa mwenye heshima zake, na wakampa jezi ya Marcel iliyofuliwa. Bi Lorna alishuka ngazi zake kumi na nne, akasimama mahali pake, akatoa mpira kwenye soksi. Dale akauzungusha mkononi.

"Huu mpya, mama?"

"Si mpya. Andika pembeni, usiandike juu ya mwenzako."

Dale akapapasa, akaipata mibonyeo, akaifuata mpaka mwisho wa jina. Hakuuliza ni la nani. Akaugeuza mpira upande wa pili, akauweka juu ya bomba la uzio, akashika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, akaandika.

Bi Lorna akamtazama mpaka alipomaliza.

"Bega linasemaje?" akauliza. Vern, kulia kwake, hakukohoa.

Dale akatazama nyuma, kwenye banda, halafu akamrudishia kalamu yake.

"Halisemi kitu, mama."