Dakika Moja ya Ukimya

Ardhi ilipotikisika, Mbuke alikuwa ameinua nyundo. Jiwe lililokuwa mbele yake liliruka lenyewe kabla hajalipiga, na nyundo ikamshukia kidole gumba cha mkono wa kushoto. Hakusikia maumivu. Alichosikia ni mngurumo, kama kundi la ng'ombe linalokimbia chini ya nchi, kisha magogo yakivunjika kule kwenye maduara, moja baada ya jingine. Vumbi jekundu likapanda. Alipotazama gumba lake, ukucha ulikuwa unaning'inia kwenye uzi wa ngozi. Akaung'oa kwa meno, akautema, akasimama.

Mageni yuko Namba Sita, alijiambia.

Machimbo ya Ng'wabuyaga yalikuwa na maduara manane, mashimo yanayokwenda chini wima kama visima, yote mali ya Swaleh. Namba Sita ilikuwa imefungwa. Mwezi uliopita alikuja mkaguzi, akaona magogo yanayoshikilia kuta yameoza, akazungushia utepe, akaandika barua. Siku mbili baadaye Swaleh akawaambia watu waruke utepe washuke. Daftari la zamu halikuandika jina la aliyeshuka Sita, maana kwenye daftari Sita ilikuwa imekufa. Asubuhi hiyo walishuka saba.

"Nikirudi nisikute umeunguza ugali tena," Mageni alikuwa amemwambia Mbuke, mkewe, akijifunga tochi kichwani. "Nitarudi kwetu Mhunze."

"Rudi. Mama yako anaunguza kuliko mimi."

Hivyo ndivyo walivyoagana.

Mbuke na wanawake wenzake walifanya kazi mwaloni, pale mawe yanapopondwa na kuoshwa, hatua mia mbili kutoka kwenye maduara. Karibu zaidi ya hapo hawakuruhusiwa. Dhahabu ina wivu, wachimbaji walisema. Mwanamke akisogelea mdomo wa duara inakimbia, na ikikimbia ardhi inajifunga. Mpaka uliwekwa kwa mstari wa mawe meupe. Kilichovuka mstari ule kwenda kwa wanawake ni bomba la chuma peke yake, lililokuwa likitoa maji chini ya Sita na kuyamwaga mwaloni.

Vumbi lilipotulia, bomba likaanza kulia.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kila mtu wa Ng'wabuyaga alizijua alama hizo. Mara moja, simama. Mara mbili, shusha. Mara tatu, tuvuteni.

"Wako hai," Scolastika, aliyekuwa akiponda jiwe moja na Mbuke, alimwambia. "Mama Ritha, wako hai."

Magari yalifika mchana. Likapigwa hema, ikatundikwa ramani, likaletwa buldoza la kuchota udongo, likapelekwa Namba Tatu, ambako daftari lilionyesha watu wawili. Mratibu wa uokoaji alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Agnetha, mwenye koti la kung'aa na sauti ya mtu aliyezoea kusubiriwa amalize.

"Shikamoo, mama," Mbuke alisema.

"Marahaba. Una jeraha, nenda kwa nesi."

"Namba Sita kuna watu saba. Mume wangu yumo."

Agnetha alipitisha kalamu kwenye daftari, juu mpaka chini. "Sita imefungwa. Ofisi yetu ndiyo iliyoifunga. Barua hii hapa, nimeisaini mwenyewe."

"Wameshuka leo asubuhi."

"Nani kawaruhusu?"

Mbuke alimtazama Swaleh, aliyesimama nyuma ya mratibu na chupa ya maji mkononi. Swaleh naye akamtazama, bila hasira, kama mtu anavyomtazama kuku wa jirani.

"Mama Ritha," Swaleh alisema taratibu, "Mageni si alikwenda kwao kwenye msiba? Aliniaga mwenyewe. Au na wewe alikudanganya? Wanaume hawa."

Watu wawili watatu hemani wakacheka.

"Wanagonga bomba," Mbuke alisema. "Zimeni karasha msikilize. Dakika moja tu."

Karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ilikuwa inanguruma tangu jenereta iwashwe. Tetemeko halikuisimamisha hata nusu saa.

"Jenereta hiyo hiyo ndiyo inayowasha kompyuta zako, mratibu," Swaleh alisema. "Tukizima, unapotea hewani."

Agnetha alimgeukia Mbuke. Hakuwa na sura ya ukatili. Alikuwa na sura ya mtu anayetazama barua yake mwenyewe na kuiona inamtazama. "Mama, maafa yanaendeshwa kwa utaratibu. Jina ambalo halipo, nitalitafutaje?"

Yasini, mlinzi wa Swaleh, akamshika Mbuke mkono kumtoa. Alimshika kwenye gumba bovu, akabana mpaka nje.

Ndipo Mbuke akamwendea Benjamini, mkubwa wa wachimbaji, aliyewafundisha wengi wao kusoma mwamba. Benjamini hakuhitaji daftari. Alikusanya wanaume watano wenye sururu na koleo, wakaanza kuufukua mdomo wa Sita.

"Sisi tutachimba," alimwambia. "Ninyi kaeni mwaloni. Usivuke mawe, mayo, mama yangu. Nakuomba kama baba yako."

Walichimba mpaka giza, wakaanza tena alfajiri. Buldoza la Namba Tatu likawatoa wale wawili, wote maiti. Huku mwaloni Mbuke alikaa na sikio juu ya chuma. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Kila mara alipopata shaka, bomba lilimjibu.

Saa tano aliwaona wanaume wakiweka koleo chini. Walisimama wakisikiliza, mmoja akalala kifudifudi juu ya udongo, akatikisa kichwa. Udongo ulikuwa mwingi mno, hauleti sauti. Benjamini akavua kofia.

"Wanaacha," Scolastika alisema.

Mbuke akapaza sauti. Karasha ikaimeza. Akapunga kanga. Hakuna aliyetazama. Akarusha kokoto, likaanguka katikati ya njia.

Akavuka mstari wa mawe.

Alikimbia hatua zote mia mbili, akapanda kifusi kwa mikono na magoti, akamshika Benjamini shati. "Wanagonga," alisema. "Sasa hivi wanagonga. Njooni msikilize kwenye bomba."

Benjamini akafungua mdomo. Na hapo ardhi ikatikisika tena.

Haukuwa mtikisiko mkubwa. Ulitosha tu kuporomosha ukuta walioufukua siku nzima, na ulimkuta kijana mmoja aitwaye Davis akiwa bado shimoni. Mfupa wa mguu wake ulitoka nje ya ngozi, mweupe kama muhogo uliomenywa. Wakamvuta akilia jina la mama yake. Kisha wakageuka wakamwona mwanamke amesimama mdomoni mwa duara.

Wa kwanza alimpiga kofi. Wa pili alimpiga kwa mpini wa koleo, na Mbuke akasikia taya lake likilia kama gogo. Akaanguka. Wakaja wote. Walimpiga mateke mbavuni, mgongoni, tumboni, watu aliowajua, watu waliokunywa uji wake asubuhi, nao walikuwa wanalia. "Umewaua," mmoja alikuwa akisema kila anapoinua mguu. "Ulikatazwa. Umewaua." Mbuke alijaribu kusema neno bomba. Damu na meno mawili vikatoka badala yake. Benjamini alisimama pembeni na kofia mkononi. Hakupiga. Hakuzuia.

Aliyezuia ni Swaleh.

"Inatosha, msije mkanipa kesi," alisema. Akamtazama Davis, akatazama kifusi, akawatazama wanaume mmoja mmoja. "Mmeona wenyewe. Sita imeshakula mguu, mnataka ile na vichwa? Benjamini, wewe mtu mzima. Namba Nane mpya nilikuwa namtafuta msimamizi. Njoo tuongee."

Benjamini akavaa kofia.

Agnetha aliletwa. Alisimama mbali, leso puani. Aliandika kwamba duara namba sita, lililofungwa awali kwa amri halali, lijazwe udongo haraka kwa usalama wa wananchi. Buldoza likaja. Scolastika alimburuta Mbuke hadi mwaloni, akamfunga taya kwa kipande cha kanga, na kutoka pale wakatazama mdomo wa Sita ukishindiliwa mpaka ukawa sawa na uwanja.

Siku ya tatu mchana viti vya plastiki vilipangwa mwaloni, maana ndiko kulikokuwa tambarare. Alikuja mgeni mkubwa kutoka mjini. Wananchi wote waliagizwa wahudhurie. Mbuke aliwekwa nyuma, uso umevimba hadi jicho moja limefunga, na Yasini akasimama nyuma yake.

Agnetha alishika kipaza sauti. Alisema kazi ya uokoaji imekamilika ndani ya saa sabini na mbili. Alisema waliopoteza maisha ni wawili tu, na wote walikuwa kwenye daftari.

"Tumejifunza mengi," alisema. "Funzo la kwanza, kumbukumbu sahihi zinaokoa muda. Funzo la pili, ushirikiano na wawekezaji wadogo, kama ndugu yetu Swaleh. Funzo la tatu, wanawake wazuiwe mapema kusogelea eneo la maafa. Tulipata majeruhi kwa sababu hiyo."

Watu wakapiga makofi. Mgeni akanong'ona kitu, Agnetha akaitikia kwa kichwa.

"Kabla sijaendelea, tusimame tuwakumbuke wenzetu wawili. Dakika moja. Mashine zote zizimwe, tafadhali, hata jenereta. Tuwape heshima yao."

Jenereta ikakohoa ikanyamaza. Karasha ikazunguka kwa ulegevu, ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu tetemeko, upepo ulisikika Ng'wabuyaga. Watu wakainamisha vichwa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilitoka kwenye bomba, katikati ya safu za viti. Ilikuwa polepole kuliko jana, lakini ilikuwa tatu.

Scolastika akaweka mkono mdomoni. Benjamini, kwenye kiti cha mbele, alivua kofia, ikamdondoka, hakuiokota. Mgeni akainua kichwa. "Nini hiyo?" aliuliza kwa sauti ya chini. Swaleh akamjibu kwamba chuma hulia kikipata jua.

Ngo. Ngo. Ngo.

Hakuna mtu ambaye hakusikia. Mia tatu walisimama pale, nusu yao wamewahi kugonga alama hiyo kwa mikono yao. Agnetha alikuwa akitazama saa yake. Midomo yake ilisogea kama anayehesabu, na hakufika hata nusu.

"Asanteni," alisema. "Tukae."

Hakuna aliyekaa. Kisha mgeni akakaa. Viti vikaanza kulia kimoja kimoja, mbele hadi nyuma, na Swaleh akampungia fundi mkono. Jenereta ikawaka.

"Funzo la nne," Agnetha alisema.

Mbuke alibaki amesimama mpaka mkono wa Yasini ulipomshukia begani ukamkalisha. Mguu wake mtupu ulikuwa juu ya bomba. Sauti haikusikika tena, karasha ilikuwa inanguruma, lakini chuma kilimgonga unyayoni mara tatu, kikapumzika, kikamgonga tena.